MREJESHO: Kompyuta iliyogoma kuonyesha picha baada ya kuongezewa RAM

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwaletea shida ya kompyuta ya mezani ya nyumbani: niliongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 pembeni ya ile ya zamani ya GB 4, feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Sasa inawaka, na ndiyo ninayoandikia.

Nilianza na ushauri wa kusugua meno ya RAM kwa raba. Yaling'aa kweli, lakini kioo kikabaki vilevile. Dawa ilikuwa kutoa betri ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya kompyuta ikiwa imezimwa, ile CR2032 ya duara kama sarafu. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza swichi ya kuwashia kumaliza chaji iliyobaki, nikaiacha betri nje kama dakika kumi. Kuirudisha tu, picha hiyo! BIOS, programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, inasoma GB 12.

Atakayefuata njia hii arekebishe tarehe mapema, maana saa ikirudi nyuma tovuti nyingi zinagoma kufunguka zikidai cheti cha usalama si halali.

Kasi ndiyo haikupatikana yote. RAM mpya ni ya 2666 ila inakwenda 2400 kuifuata ya zamani, kama mmoja wenu alivyosema. Pia kompyuta ikilala haiamki mpaka niizime kwa swichi. Kusasisha BIOS nimekuahirisha: umeme wa mtaani kwetu unakatika ovyo, na ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) unaweza kufa.

Asanteni sana, hasa mliokesha mnanijibu. Mmeniokolea pesa ya fundi.