Kocha mpya anaripoti Jumatatu, na aliyenisajili ndiye aliyeondoka. Nitegemee nini?

Beki_Kushoto22: Wakuu, habari za jioni. Nacheza beki wa kushoto klabu moja ya Championship hapa nyumbani, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Kwa kocha aliyeondoka nilikuwa naanza kila mechi. Huyu mpya tunasikia anapenda mabeki watatu nyuma, yaani namba yangu ninavyoijua mimi haipo. Mkataba umebaki miezi mitano. Niombe mapema kupelekwa kwa mkopo klabu nyingine? Nimfuate nijitambulishe? Usingizi umepotea kabisa.

MzeeWaBenchi: Pole mdogo wangu. Nimekaa benchi la ufundi miaka mingi, nikueleze ninachokijua. Wiki ya kwanza utakimbizwa sana, kwa sababu kocha anataka kujua miili aliyoikuta. Halafu zinakuja mechi fupi za uwanja mdogo, na hapo ndipo watu wanapopona au kuzama. Nilifanya kazi na kocha mmoja mgeni aliyekuja na karatasi yenye namba za jezi tu, bila majina. Kila mchezaji akipoteza mpira, alikuwa anatazama hatua zake tatu zinazofuata. Aliyegeuka kukaba aliwekewa alama, aliyeinua mikono kulalamika hakuwekewa kitu. Siku ya tano alikuwa na kikosi chake, na nyota wetu wawili hawakuwemo.

Usimfuate ofisini siku ya kwanza. Mfanye akukubali kwa miguu yako uwanjani.

Mama_Jukwaani: Mwanangu, mtazame Mohamed Hussein Tshabalala, beki wa kushoto kama wewe. Aliingia Simba 2014, akaondoka 2025. Hapo katikati walipita makocha Kerr, Omog, Aussems, Sven, Gomes, Robertinho, Benchikha, Fadlu, na sijawamaliza. Kila mmoja alikuja na mambo yake, na yeye akabaki kikosini.

Kiungo_Mkabaji: Mama umenena, ila dogo asidanganywe, mfumo unaweza kumla mtu. Kocha Amorim alipofika Manchester United Novemba 2024 na 3-4-3 yake, yaani mabeki watatu nyuma, dirisha la usajili la Januari tu akaletewa Dorgu kutoka Lecce acheze pembeni kushoto. Upande wa pili, kocha Slot alipoingia Liverpool 2024, klabu ilimtaka kiungo Zubimendi, akakataa kuja. Nafasi ikaenda kwa Gravenberch, ambaye msimu uliotangulia alikuwa akitokea benchi sana, na wakabeba ubingwa. Kwa hiyo jiulize: kwenye mabeki watatu, unaweza kusimama yule wa kushoto? Unaweza kupanda na kushuka dakika 90?

MzeeWaBenchi: Hilo la mkopo liache. Kanuni za FIFA zinakuruhusu kusaini na klabu nyingine mkataba wako ukibakiza miezi sita au chini, na klabu inayokutaka inapaswa kuijulisha yako kwa maandishi. Wewe tayari umo humo. Unachohitaji sasa ni dakika za kucheza, watu wakuone.

Beki_Kushoto22: Asanteni sana, Mzee, Mama na kaka Kiungo. Kupanda na kushuka naweza. Kusimama katikati ya ulinzi ndiko kunanitisha, mipira ya juu inanishinda. Nimemwomba kipa wetu wa akiba kesho tubaki uwanjani, anipigie krosi hamsini niziondoe kwa kichwa.

MzeeWaBenchi: Akupigie za kutoka kulia, zikufikie kwenye nguzo ya mbali. Huko ndiko beki wa kushoto anakofungiwa.