Naomba ushauri: klipu niliyoisambaza imewagombanisha baba na mdogo wangu

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Hii ni wiki ya pili sipati usingizi, na jambo lenyewe limeanzia kwenye simu yangu.

Tuna kundi la WhatsApp la familia. Baba na mdogo wangu wa kiume hawajawahi kuwa upande mmoja kisiasa, ila zamani walibishana uso kwa uso na mwishowe wakaishia kutaniana. Kampeni zilipoanza, ubishi ukahamia kundini. Siku moja nikaletewa klipu ya sekunde 19: mgombea anayeungwa mkono na mdogo wangu anasema wazee ndio waliotufikisha pabaya na hawafai kusikilizwa tena. Ilikuwa na ile mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na WhatsApp ikanizuia kuituma sehemu zaidi ya moja kwa mpigo. Nikaipakua, nikaituma upya kama yangu. Mishale ikapotea. Chini yake nikaandika: "Mnaona wenyewe."

Baba akamwandikia mdogo wangu maneno mazito, kwamba anashabikia watu wanaomtukana mzazi wake. Mdogo wangu akatoka kundini kimya kimya. Kesho yake nikakutana na hotuba nzima, dakika 40 na kitu. Sentensi inaanza hivi: "Wapo wanaowaambia kwamba wazee..." kisha anayapinga maneno hayo moja baada ya jingine. Aliyeikata aliondoa kichwa na mkia.

Nimeifuta, lakini hawaongei mpaka leo. Ninyamaze yaishe yenyewe, au niseme? Na je, nijitoe mitandaoni kabisa?

Mhariri mstaafu
Pole sana, dada. Nimekaa chumba cha habari miaka mingi, na klipu kama hiyo haiishii WhatsApp. Asubuhi tunaona watazamaji wamejaa, mchana inakuwa habari: "Kauli ya mgombea yazua gumzo mitandaoni." Gumzo lenyewe mara nyingi lilikuwa posti tano au sita tulizozichagua kwa ukali wake. Aliyeandika "nimesikiliza yote, sijaona tatizo" hatukumweka hata siku moja. Msomaji anaondoka akiamini watu wote wamegawanyika mapande mawili, na akikutana na jirani wa upande wa pili anamvisha sura ya yule mkali tuliyemweka juu kabisa. Linaniuma, maana vichwa hivyo vya habari nimeviandika kwa mkono wangu.

Kuifuta hakutoshi. Waliokwisha kuiona bado wanaiamini. Andika palepale ulipoituma, useme ilikatwa wapi, weka hotuba nzima na utaje dakika yenyewe.

Fundi mifumo
Naongezea kwa upande wa mitambo. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovujishwa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 mfumo unaopanga posti uliihesabu emoji, ile ya hasira ikiwemo, mara 5 ya laiki ya kawaida. Hakuna aliyekaa akaamua watu wachukiane. Mtambo ulikuwa unatafuta kinachowafanya watu wajibu, na hasira hujibiwa upesi. Baadaye kampuni iliishusha emoji ya hasira mpaka sifuri.

Lakini dada, tusiishie kwenye mtambo. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na za siasa ndizo zilizokimbia kuliko zote. Walipoziondoa akaunti za roboti kwenye hesabu, hali ikabaki ileile. Wasambazaji ni sisi. Ile mishale miwili ilikuwa onyo, na familia yako iliiamini klipu kwa sababu imetoka kwako.

Simameni kidogo
Wakuu, mtandao tusiutwike mzigo wote. Marekani redio za siasa za upande mmoja zilishamiri baada ya 1987, na televisheni za habari za Fox News na MSNBC zilianza 1996, wakati Facebook haijazaliwa.

Kuhusu kujitoa kabisa, kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 2018 watafiti waliwalipa watu wafunge Facebook kwa wiki nne. Misimamo yao ilisogeleana kidogo na wakajisikia nafuu, ila wakawa hawafahamu habari kama wenzao. Mwaka 2020 watumiaji wengine wa Facebook na Instagram walipangiwa posti kwa mfuatano wa muda tu kwa miezi mitatu, na chuki ya kisiasa haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo ukitoka leo, baba na mdogo wako watabaki vilevile. Tatizo lao sasa ni tusi lililotoka kwa mzazi mbele ya ndugu wote.

Mama wa watatu
Nakuunga mkono hapo. Na tafadhali usianze kummiminia baba klipu za upande wa pili ukidhani atalainika. Kuna jaribio lililofanywa Twitter na kuchapishwa 2018, ambapo Wamarekani walilipwa wafuate akaunti inayosambaza maoni ya wapinzani wao kwa mwezi mmoja, na Warepublican, wafuasi wa chama cha mrengo wa kulia, wakazidi kuwa wahafidhina.

Mwanangu, anza na mdogo wako, kwa sauti yako, si kwa maandishi. Yeye ndiye aliyeumizwa kwa jambo ambalo si kweli. Baba mwendee mwenyewe, mkiwa wawili, asije akalazimika kushindwa hadharani.

Mleta uzi
Asanteni sana, wote. Nimempigia mdogo wangu jana usiku. Nilipomweleza jinsi nilivyoiondoa ile mishale alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Kwa hiyo baba bado anaamini?" Leo asubuhi nimeweka hotuba nzima kundini, nikataja dakika ya 22, nikaandika kwamba kosa ni langu. Shangazi ameshaisikiliza. Kwa baba naona tiki mbili za buluu, hajajibu. Jioni nitakwenda kukaa naye, simu nitaiacha nyumbani.