Virusi vinapungua, mgonjwa ndiyo kwanza anazidiwa: kinga inahusika vipi?

Kinyonga77
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwenye UVIKO-19, wingi wa virusi puani na kooni hufika kilele siku za mwanzo wa dalili, halafu hushuka. Lakini wengi wanaozidiwa huanza kubanwa pumzi kuanzia siku ya 7 hadi ya 10. Kama virusi vinapungua, kinachoharibu mapafu ni nini? Na kama ni kinga ya mwili, kwa nini mgonjwa asipewe steroidi (dawa za kutuliza kinga) tangu siku ya kwanza?

TabibuKimya
Mkuu, anzia kwenye kifuko cha hewa chenyewe, ndani ya mapafu. Ukuta unaotenganisha hewa na damu una unene wa karibu nusu mikromita tu. Miongoni mwa seli zinazovamiwa ni zile zinazotengeneza safaktanti, ute unaozuia vifuko visinywee na kunatana. Seli ikipasuka, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) zilizo jirani hupiga king'ora kwa kumwaga saitokini, kemikali za kuita kinga (interlukini-1, interlukini-6 na wenzao), na kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) hulegeza viungio vyake ili chembe nyeupe zipite.

Hapo ndipo mambo huharibika. Upenyo uliofunguliwa kwa ajili ya askari hupitisha pia maji na protini za damu. Kidole kikivimba utaugulia siku mbili yaishe, lakini kifuko cha hewa kikiingia maji, hewa imekosa pa kukaa. Nutrofili (aina ya chembe nyeupe) nazo hutoa elastasi, kimeng'enya kinachokula ukuta, na nyavu za DNA zinazorusha kunasa vijidudu huchochea damu kuganda ndani ya kapilari. Protini zilizovuja na mabaki ya seli hugandamana kuwa utando unaopaka kifuko kwa ndani. Kwenye hadubini, kipande kikishatiwa rangi, huonekana kama utepe laini wa waridi. Damu inayopita kando ya kifuko kilichojaa hivyo hurudi moyoni mikono mitupu. Ndiyo sababu unaweza kumwongezea mgonjwa oksijeni na kipimo cha oksijeni ya damu kisipande.

mzizi_mkavu
Nyongeza kidogo. Mara nyingi kosa la kinga ni kuchelewa kabla ya kuwa kali. Intaferoni, protini ya tahadhari ya mwili, ndiyo inayopaswa kuamka saa za mwanzo na kuziambia seli jirani zijifunge, na virusi hivi vina protini za kuizima. Ikizimwa, virusi huzaana bila kizuizi, na kinga inapokuja kushtuka inakuta eneo kubwa la kupigania. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta takriban asilimia 10 ya wagonjwa mahututi wana kingamwili zinazoshambulia intaferoni yao wenyewe, wengi wao wanaume.

Ila hili jina la "dhoruba ya saitokini", yaani saitokini kufurika mwilini, limetiwa chumvi. Interlukini-6 kwenye damu ya wagonjwa hawa kwa kawaida huwa chini kuliko ya wenye sepsisi (maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili). Vita kubwa iko mapafuni.

TabibuKimya
Kuhusu steroidi, jibu lilitoka kwenye jaribio la dawa la RECOVERY, Uingereza, mwaka huohuo wa 2020: deksamethasoni (moja ya steroidi) mg 6 mara moja kwa siku, hadi siku 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 29.3, dhidi ya 41.4 kwa wasiopewa. Waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, 23.3 dhidi ya 26.2. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Waliopewa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa 14.0. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha madhara, lakini hakuna sababu ya kucheza nayo. Ukiifunga breki kinga wakati virusi bado vinapanda, unavisaidia virusi.

Angalieni na sukari, maana hupanda hata kwa asiye na kisukari. Kama kuna uwezekano wa minyoo ya strongiloidi, itibuni, kwa sababu steroidi huweza kuifanya isambae mwilini mzima. Na msihamishie dawa hii kwenye influenza kwa mazoea. Huko tafiti za ufuatiliaji zimehusisha steroidi na vifo zaidi.

Kinyonga77
Kwa hiyo anayehesabu siku anahesabu kitu kisicho sahihi?

mzizi_mkavu
Siku zinakuambia lini ukae macho, basi. Aliye siku ya 9 na oksijeni ya damu asilimia 96 bila msaada hapewi. Aliye siku ya 6 na asilimia 87 anapewa. Tahadhari moja: kipimo cha kidoleni huweza kusoma juu ya hali halisi kwa mwenye ngozi nyeusi, na vidole vya baridi au rangi ya kucha huvuruga namba. Kwa hiyo hesabu na pumzi, dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Mtu mzima akizidi 30 ni mgonjwa mkali, hata kama kidole kinasema 94.