Kiwanja cha mita 15 kwa 20: nyumba iache mita ngapi kando?

Bikoni_Nala:
Mbukwenyi wadau. Naomba tujadili masharti ya ujenzi kwenye viwanja vidogo hapa jijini Dodoma. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, mita za mraba 300. Tuseme kibali kinataka uache mita 5 mbele, 3 nyuma na 3 kila upande wa kando. Unabaki na 9 kwa 12, mita za mraba 108. Peleka masharti hayo hayo kwenye kiwanja cha 30 kwa 40: mwenzako anabaki na 24 kwa 32, mita za mraba 768. Yeye anajenga kwenye asilimia 64 ya ardhi yake, wewe kwenye 36. Na hizo mita ulizoacha wazi unazilipia kodi ya ardhi kila mwaka.
Hoja yangu: kwenye viwanja vidogo ukuta mmoja uruhusiwe kukaa mpakani, nafasi yote ihamie upande wa pili. Mnaonaje?

MpangajiMji:
Ndugu Bikoni, hesabu iko sawa ila umeangalia kuta tu, hujaangalia paa. Tuseme sharti la kando ni mita 1.5 badala ya 3 zako: nyumba mbili zikiacha hizo kila moja, kuta zinaachana mita 3. Paa likitokeza sentimita 60 kila upande, ncha zinaachana mita 1.8. Wakitokeza mita nzima, kama wengi wanavyopenda siku hizi, imebaki mita 1. Kenchi, yaani mbao za paa, zimekaushwa na jua la Dodoma, upepo wa Septemba unavuma, moto ukianza jikoni kwa mmoja, wa pili hana dakika za kutoa vitu.
Ukuta wa mpakani unawezekana kitaalamu, lakini usiwe na dirisha wala tundu, upandishwe uvuke paa, na maji yote ya paa yarudi kwako. Tena uamuliwe tangu kwenye upimaji wa eneo zima, asijiamulie mtu mmoja.
Halafu kuna kipimo watu wanakisahau: sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa. Kibali kikisema asilimia 40, kwenye mita za mraba 300 ni 120 tu, hata kama umbali wa mpakani unakuachia zaidi. Humo humo mna nyumba, stoo, banda la gari na kibaraza chenye paa.
Ila shida kubwa ya Dodoma si masharti. Ni mafundi wa mtaani wanaofunga kamba kwenye uzio wa jirani badala ya kutafuta bikoni, zile alama za mpima kwenye kona za kiwanja.

Fundi_Ihumwa:
Mkuu MpangajiMji, hapo umetukosea. Fundi hana mamlaka ya kurudishia bikoni, hiyo ni kazi ya mpima ardhi, na anayemlipa ni mwenye kiwanja. Greda la barabara limefukia mbili, ya tatu imeng'olewa na wachimba mchanga, mwenye kiwanja anakuja na ramani aliyoipiga picha kwa simu, kona imekatika, anasema "anzia pale kwenye mti." Nyumba ikikaa vibaya, jina linaloharibika ni la fundi.
Ngoja nieleze kazi inavyofanywa ili tusisemwe ovyo. Zipatikane bikoni zote 4. Funga kamba bikoni hadi bikoni, pande zote. Huo ndio mpaka, sahau uzio. Kutoka kwenye kamba hiyo pima kuingia ndani, sehemu mbili kila upande, si moja. Nyumba ikiwa ya mita 12 kwa 9, ulalo wa kona kwa kona lazima usome mita 15 huku na 15 kule. Ukisoma 15.05 na 14.95 pembe zimekwenda upande. Hapo kando inaanza na mita 1.5, inafika nyuma ikiwa 1.4, na mkaguzi atapimia kule kwenye 1.4.

Mkadiriaji_Kisasa:
Fundi amesema vizuri, naongeza mambo mawili.
Kwanza, kwenye ramani nyingi kamba inavutwa katikati ya ukuta, wakati umbali wa mpakani unapimwa kwenye uso wa nje. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15, nusu yake 7.5, ongeza plasta ya sentimita 2. Karibu sentimita 10 zimekwenda kila upande. Anayeanza na mita 1.5 kamili katikati ya ukuta amekwisha kukosa kabla hajamwaga zege.
Pili, na hili ni la Bikoni aliyeleta mada. Msingi wa ukuta wa inchi 6 ukimwagiwa zege la upana wa sentimita 60, zege linatokeza sentimita 22.5 kila upande wa ukuta. Ukuta ukikaa juu ya mpaka, msingi wako uko ndani ya ardhi ya jirani. Kuukwepa inabidi msingi uelemee upande mmoja na ufungwe kwa bimu na msingi wa ndani, vinginevyo unapinda na ukuta unachanika. Hiyo inahitaji mhandisi na nondo za ziada, na ndiyo gharama ambayo mwenye kiwanja kidogo anaikimbia.

Mstaafu_AreaC:
Wakati wa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, haya yasingejadiliwa. Mkaguzi alikuwa anafika kabla zege halijamwagwa, ukikosea unafukua. Tangu wameivunja mwaka 2016 kila mtu anajenga atakavyo.

Ntyuka_Juu:
Shikamoo mzee wangu. Ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, si 2016. Na watu hawakushangilia bure. CDA ilianzishwa mwaka 1973 kuustawisha mji, ikawa yenyewe ndiyo mwenye ardhi, mpangaji, mtoa kibali na mbomoaji. Mwananchi akapewa umiliki wa miaka 33 wakati Watanzania wengine wanapewa 99. Mtu wa Chang'ombe au Nkuhungu aliyeona matofali yake yanalala chini kwa tingatinga hawezi kuikumbuka kwa wema.

Mstaafu_AreaC:
Marahaba kijana. Tarehe nimekubali. Lakini usichanganye ubomoaji na ukaguzi. Tembea Area C, tembea Area D, barabara za mitaa zimenyooka, mtaro una mahali pake, gari la zimamoto linaingia na kugeuka. Hiyo ni kazi ya nani? Ule mpango wa 1976 uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ulitaka mji wa majengo ya chini, watu watembee kwa miguu, miti ionekane kuliko kuta. Leo mwenye mita 300 anataka ghorofa mbili.

Ntyuka_Juu:
Mzee, ile mitaa ilipimwa watu wakiwa wachache. Baada ya 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, kila mtumishi alitaka kiwanja. Huwezi kuwagawia wote mita 1,200 ukabaki na mahali pa bomba la maji. Kila mita ya upana wa kiwanja ni mita ya bomba, ya waya na ya barabara.

MamaFremu_Ilazo:
Mnasema kando, semeni na mbele. Ile mita 5 ya mbele inakaa nyasi na vumbi. Fremu mbili za duka za mita 3 kwa 4 zinasomesha watoto. Mbona zinapigwa X ya kubomolewa?

MpangajiMji:
Dada yangu, kuna mambo matatu hapo na watu wanayachanganya. Fremu ndani ya kiwanja chako, kwenye ile mita 5, inavunja sharti la kibali na pia sharti la matumizi, kwa sababu hati inasema makazi. Njia ipo: omba kubadili matumizi yawe makazi na biashara, mchoro uoneshe wateja wanasimama wapi na gari la mzigo linashusha wapi. Wengi wanaokataliwa ni kwa sababu mlango wa fremu unafunguka moja kwa moja juu ya mtaro.
Fremu nje ya bikoni, hiyo ni ardhi ya barabara, haina maombi.
X ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kando ya barabara kuu, ni habari nyingine kabisa.

Ntyuka_Juu:
Hifadhi si mita 22.5 kila upande?

MpangajiMji:
Hiyo ni ya zamani. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyejenga kihalali nje ya 22.5 kisha upanuzi ukamkuta anawekewa X ya kijani, anastahili fidia. X nyekundu ni ya aliyeingia ndani ya hifadhi, huyo hana fidia. Barabara za mitaa hazina vipimo hivyo, zinafuata upana ulioko kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Mchoro huo uko ofisi ya mipango miji ya jiji, mtu anaruhusiwa kuuona.

Fundi_Ihumwa:
Bado sijajibiwa mimi. Mkuu umesema "mafundi wa mtaani" kana kwamba wahandisi wanashinda saiti. Kibali kinagongwa muhuri, jina la msanifu lipo juu, saiti haji hata kuangalia mstari wa kwanza. Nani atamwambia mwenye nyumba asogeze ukuta sentimita 40 wakati anayemlipa fundi ni yeye?

MpangajiMji:
Fundi, hilo nakubaliana nawe kwa moyo wote na ndilo linaloniuma. Ukaguzi wenye faida ni ule wa kamba, kabla mtaro wa msingi haujachimbwa. Kusogeza kamba ni nusu saa. Kusogeza msingi uliofika jamvi, yaani zege la sakafu, ni mamilioni, na hapo hakuna afisa atakayekuwa na moyo wa kubomoa wala mwenye nyumba atakayekuwa na moyo wa kukubali. Mwenye nyumba aitake mwenyewe siku hiyo kwa maandishi, fundi na mtaalamu wakiwepo, vipimo viandikwe kwenye nakala ya ramani, wote wasaini.

Bikoni_Nala:
Wadau, tumetoka kwenye ukuta wa mpakani. Basi kama kando haiwezekani, turuhusuni juu. Mita za mraba 108 mara mbili ni 216, familia inatosha.

Mkadiriaji_Kisasa:
Juu inawezekana ikiwa umeamua tangu chini. Kosa la Dodoma ni kujenga ya chini, baadaye unaongeza. Slabu ya zege ya sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha 4 kwa 4 ni tani 5.8 kabla hujaweka ukuta, vigae, kitanda wala mtu. Ukuta wa tofali na mkanda wa zege wa nyumba ya chini haukupigiwa hesabu hiyo. Na udongo hapa unabadilika ndani ya mtaa mmoja: huku mwamba wa mawe karibu na uso, kule udongo wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba ya chini inaweza kuvumilia mpasuko wa nywele, ghorofa halivumilii. Chimba mashimo ya kupima udongo mahali pa nguzo, mhandisi apange ukubwa wa besi, yaani zege la chini ya nguzo, kwa udongo huo, usinakili besi za jirani.

MamaFremu_Ilazo:
Na ghorofa la mita 1.5 kutoka kwangu linaangalia bafu langu la nje na kamba yangu ya kuanikia. Mbona hilo hamlisemi?

Mkadiriaji_Kisasa:
Ni kweli mama. Dirisha la juu linaloelekea kando liwe na kizingiti cha mita 1.7 kutoka sakafuni, hewa inapita, macho hayapiti. Baraza la juu lielekee barabarani. Walio karibu na uwanja wa ndege, kimo kina kibali chake TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, jiji pekee halitoshi.

Ntyuka_Juu:
Watu 12 kwenye ghorofa la kiwanja cha mita 300 wanajisaidia wapi? Huku kwetu mfumo wa majitaka haujafika.

Fundi_Ihumwa:
Hapo umegusa penyewe. Kando na nyuma si mapambo, ndipo choo kinapokaa. Karo la majitaka la watu 6, ndani liwe kama mita 2.4 kwa 1.2, kina cha maji 1.2, linabeba lita 3,400 hivi. Watu 12, zidisha mara mbili, usizidishe kina, zidisha urefu, kwa sababu tope linahitaji nafasi ya kutulia. Baada ya karo kuna shimo la kunywesha maji. Shimo hilo likae mbali na msingi, mita 3 au zaidi, kwa sababu udongo uliolowa chini ya msingi unazama. Mfuniko uwe upande gari la kunyonya linapoweza kufikisha mpira. Wanaojenga nyumba ikagusa kando zote mbili wanapitisha mpira sebuleni.
Na anayetaka kisima, kisima na shimo viachane angalau mita 30. Kiwanja cha 15 kwa 20 ulalo wake wote ni mita 25. Kwa hiyo haiwezekani, chagua kimoja, na hata hicho uangalie shimo la jirani liko wapi.

Mstaafu_AreaC:
Maji ya paa je? Hapa mvua ni Desemba mpaka Aprili, inakuja kwa nguvu.

Mkadiriaji_Kisasa:
Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 50 kwa jioni moja, ni lita 6,000. Zikidondoka kwenye kando ya mita 1.5 bila mfereji zinachimba msingi wako na wa jirani kwa pamoja. Mfereji wa bati pande zote, tangi la lita 5,000 kwenye kona ya nyuma, ziada ipelekwe kwenye mtaro wa barabara. Kwa jirani hapana.

Bikoni_Nala:
Fundi, na mimi nitajuaje kama udongo wangu unakunywa maji kabla sijanunua tofali?

Fundi_Ihumwa:
Chimba shimo la upana wa sentimita 30 mahali unapotaka shimo la choo, ufike kina kile kile, ujaze maji jioni yanywe usiku kucha. Asubuhi jaza tena kiasi cha sentimita 15, simamisha kijiti chenye alama, hesabu saa moja. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2.5, udongo huo haunywi, shimo litafurika masika. Fanya mahali pawili, mbele na nyuma. Halafu ndipo umwite msanifu achore nyumba ikae wapi.