Miaka saba bila nishani: sheria ya Marekani ina tundu na hakuna anayeliziba

Wakuu, hili la Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani linakera. Mei 2016 Obama aliwavisha wanasayansi. Waliofuata wakavishwa na Biden, Oktoba 2023. Hapo katikati patupu! Na pacha wake, ile ya Teknolojia na Ubunifu, ililala vilevile.

Msiniambie ni korona. Mambo yalikwama kabla ya 2020. Ugonjwa uko kwenye sheria yenyewe ya 1959: imeweka dari, watu wasiozidi 20 kwa mwaka, sakafu haina. Inamtaka Rais atoe nishani "kila baada ya muda", basi. Muda gani? Kimya. Kamati ya wataalamu inasoma mafaili, inapeleka majina Ikulu, na majina yanaweza kukaa mezani hadi Rais anaondoka madarakani bila kifungu hata kimoja kuvunjwa.

Huku saa zinakimbia. Pendekezo linaishi miaka mitatu tu. Likifa, aliyependekeza anaanza upya: fomu, wasifu, barua tatu za wataalamu. Barua hizo haziandikwi kwa dakika tano, maana lazima zieleze ugunduzi ni upi na uligeuza nini kwenye fani, na mara nyingi waandishi wake nao ni wazee. Kujipendekeza ni marufuku, kwa hiyo mpendekezaji akichoka, jina limeondoka.

La marehemu ndilo linaloniudhi zaidi. Marehemu hupewa iwapo haijapita miaka mitano tangu afariki. Sasa piga hesabu: aliyefariki kati ya Juni 2016 na Septemba 2018, sherehe ya 2023 ilimkuta ameshafungiwa mlango. Sifa alikuwa nazo. Sherehe ndiyo haikuwepo. Wa kwanza kabisa kuvishwa, Theodore von Kármán, alivishwa na Kennedy Februari 1963 akiwa na miaka 81. Mei akafariki. Nishani ya watu wa umri huo unaichelewesha miaka saba kwa akili ipi?

Na asije mtu na hoja ya bajeti. Haina hundi hii, ni medali na hafla.

Marekebisho yanayotakiwa ni mistari miwili: Rais atoe au akatae kwa maandishi ndani ya miezi 12 tangu apokee orodha, na saa zote mbili, ya miaka mitatu na ya mitano, zisimame muda wote orodha iko Ikulu. Wanaodai eti hiyo inamnyang'anya Rais hiari yake waje hapa waeleze tarehe ya mwisho inamzuiaje kuchagua.