Nimepata 91, mnunuzi kasema 85: dhahabu ya baba niihesabuje?

BintiMakongo
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naombeni msaada wa haraka, maana baba anataka kwenda kuuza keshokutwa na mimi sina uhakika na nilichomwambia.

Baba ni mchimbaji mdogo huku Makongolosi, Chunya. Amepata kitonge cha dhahabu baada ya miezi minne ya kuhangaika na duara moja, yaani shimo la kuchimbia. Mnunuzi mmoja alikipima kikiwa kikavu, akakipima kikiwa ndani ya maji, akabonyeza kikokotoo, akasema "asilimia 85", yaani ndiyo dhahabu safi iliyomo. Namba hakutuonesha. Baba akakifunga kitonge chake kwenye leso, tukaondoka.

Nimemaliza kidato cha nne na fizikia nilikuwa naipenda. Nikaazima mizani ya duka la jirani: hewani gramu 24 na pointi 6 (pointi ni sehemu ya kumi ya gramu), majini 23 na pointi 2. Tofauti ni 1.4. Kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, nikachukua ujazo wa kitonge kuwa 1.4. Nikagawanya 24.6 kwa 1.4, nikapata 17.57. Dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Nikagawanya tena 17.57 kwa 19.3, ikaja 0.91. Nikamwambia baba asikubali chini ya 91.

Tangu hapo anawaambia majirani kwamba binti yake kamwokoa. Lakini usiku nimelala nikiwaza: mtu anayepima kila siku anakosaje hesabu nyepesi hivi? Nimekosea wapi? Au kweli alitaka kutuibia?

Mpakato_Lupa
Wezi tu hao. Shikilia 91 yako, dada.

MzeeWaMialo
Marahaba binti. Usimsikilize huyo aliyetangulia, kumwita mtu mwizi bila kuona mizani yake si haki. Niambie kwanza: hicho kitonge kimeyeyushwa kwa boraksi (ule unga wa kutoa uchafu dhahabu ikiyeyuka), au kimechomwa zebaki tu kikaachwa? Kilichochomwa tu huwa kama sponji, kina matundu yaliyoshika hewa. Hewa inaongeza ujazo bila kuongeza uzito, kwa hiyo dhahabu inaonekana hafifu kuliko ilivyo.

Na msiuzie njiani. Soko la madini lipo Chunya, kuna mashine ya kupima dhahabu, na Tume ya Madini inatoa bei elekezi. Sisi tuliochimba zamani tulipimiwa kwa macho ya mnunuzi.

BintiMakongo
Asante mzee wangu. Kimeyeyushwa, ila upande mmoja kina vijitundu kama vya andazi.

Mwl_Tukuyu
Mdogo wangu, hatua yako ya kwanza ni sahihi kabisa. Uzito wa hewani ukiugawanya kwa uzito uliopungua majini unapata densiti linganifu, yaani kitu hicho ni kizito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Ndiyo maana haina kipimo mbele yake, ni 17.57 tupu.

Kosa liko hatua ya pili. Ulipogawanya kwa 19.3 ulifanya kama vile kilichobaki kwenye kitonge hakina uzito wowote. Dhahabu ya mwamba karibu siku zote ina fedha ndani yake, ile metali nyeupe (silva), na densiti ya fedha ni 10.5. Ijaribu 91 yako hivi. Chukua gramu 100, 91 ziwe dhahabu na 9 fedha. 91 gawanya kwa 19.3 ni 4.72. 9 gawanya kwa 10.5 ni 0.86. Jumla ya ujazo ni 5.58. Sasa 100 gawanya kwa 5.58 ni 17.9. Wewe ulipata 17.57, kwa hiyo si 91. Rudia kwa 88 na 12: 4.56 jumlisha 1.14 ni 5.70, na 100 gawanya kwa 5.70 ni 17.54. Umeona ilipoangukia.

Njia ya mkato: toa 10.5 kwenye densiti uliyopata, zidisha kwa 19.3, halafu gawanya kwa densiti hiyohiyo iliyozidishwa kwa 8.8 (yaani 19.3 toa 10.5). Yako inatoa kama 88.

Ila hata hiyo 88 usiitangaze bado. Mizani ya pointi moja haifai kazi hii. Kila usomaji unaweza kukosea nusu pointi, na wewe umetoa usomaji mmoja kwenye mwingine, kwa hiyo 1.4 yako inaweza kuwa 1.3 au 1.5. Ikiwa 1.5, dhahabu ni asilimia 79. Ikiwa 1.3, ni 98. Uzito mkubwa hauna shida. Ni ule ujazo mdogo unaovuruga kila kitu. Tafuta mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu.

FundiNondo_Mafinga
Naongezea kidogo, ingawa mimi ni wa chuma. Nondo ya milimita 12 yenye mita 12 nahesabu ujazo wake, sentimita za ujazo 1357, nazidisha kwa 7.85 ambayo ni densiti ya chuma, napata kilo 10.65. Ikija sokoni ina kilo 9 najua si milimita 12, hata kama imeandikwa. Hesabu ni hiyohiyo ya binti, imegeuzwa tu.

Mwl_Tukuyu
Kweli kabisa fundi.

Binti, ukipata mizani fanya hivi. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga kitonge kwa uzi mwembamba wa nailoni, uning'inize kwenye kijiti kilicholazwa juu ya viti viwili, usishike kwa mkono. Kizame chote lakini kisiguse chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo, huhitaji kutoa. Tia tone la sabuni ya maji, tikisa uzi polepole mpaka vipovu vitoke. Na kabla ya dhahabu, jaribu na waya wa umeme wa shaba uliomenywa. Ukipata karibu na 8.9, mizani yako na mkono wako viko sawa.

BintiMakongo
Nimerudi. Kaka mmoja wa kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) kaniazima mizani ya sehemu za mia.

Waya wa shaba: gramu 17.90, ujazo 2.01. Imekuja 8.9! Nilifurahi peke yangu jikoni.

Kitonge ni gramu 24.63. Mara ya kwanza kilivyozama glasi ilisoma 1.44. Nikainama na tochi ya simu, nikaona vipovu vimejipanga ndani ya vile vijitundu, vimeng'aa kama shanga. Nikatia sabuni, nikatikisa, vikatoka kimoja kimoja, na namba ikashuka nikiiangalia: 1.43, 1.41, ikatulia 1.40.

Kwa 1.44 nimepata karibu 85. Kwa 1.40 nimepata 88.

MzeeWaMialo
Basi 85 ya yule mnunuzi unaijua sasa ilikotoka. Huenda alizamisha haraka akasoma haraka.

Mwl_Tukuyu
Vizuri sana. Weka nafasi ya kosa: 1.40 inaweza kuwa 1.39 au 1.41, kwa hiyo sema kati ya 87 na nusu na 89. Na jambo moja la mwisho ambalo maji hayawezi kukuambia: tumechukulia mchanganyiko ni fedha. Ungekuwa shaba tupu, densiti hiyohiyo ingemaanisha karibu 92. Mimi naamini ni fedha, lakini hilo litathibitishwa na mashine ya sokoni, inayosoma kila metali peke yake. Mwambie baba kitonge kisafishwe vizuri kwanza, maana mashine ile inasoma ngozi ya juu tu.

BintiMakongo
Asante sana mwalimu, na wote. Tofauti ya 85 na 88 kwa kitonge hiki ni kama pointi 7 za dhahabu safi, si kitu cha kuacha mezani.

Nimemwambia baba kwamba ile 91 niliikosea. Nilikuwa naogopa, kwa sababu ameshaisema mtaa mzima. Alinyamaza, akafungua leso, akaniwekea kitonge mbele yangu, akasema, "Rudia nikiona." Nimerudia mara tatu, yeye ndiye akishika tochi: 1.40, 1.40, 1.39. Namba ameziandika mwenyewe nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa sababu karatasi nyingine haikuwepo karibu. Kesho alfajiri tunapanda gari la Chunya.