MALALAMIKO: Acheni kuuza picha za juzi kwa jina la marehemu Tingatinga

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Anayetafuta salamu ndefu apite.

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa picha unaobeba jina lake, alizaliwa 1932 kule Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akaingia Dar, na ilipofika 1968 ndipo akaanza kuchora. Mwaka 1972 polisi walilidhania gari alilokuwamo kuwa la majambazi, wakampiga risasi, akafa. Pigeni hesabu: ni miaka minne tu ya brashi. Halafu mtu anatangaza "orijino ya Tingatinga mwenyewe, 1978". Marehemu alifufuka lini?

Na hizo "orijino" nyingi zimechorwa kwenye kitambaa! Karibu kazi zake zote ziko juu ya hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), mraba wa takriban sentimita 60 kwa 60. Kitambaa kilishika kasi baadaye, wateja walipotaka picha ya kuviringisha na kutia kwenye begi. Hadibodi ya kweli ina uso mmoja laini, na nyuma ina alama za wavu. Iliyokaa miaka hamsini hukolea rangi nyuma pole pole, kona zake huvimba na kuchanuka kwa unyevu wa pwani, na mara nyingi hujipinda kwa sababu imepakwa upande mmoja tu. Ninyi mnaikoleza mpya kwa majani ya chai ili ionekane kuukuu. Chai huacha michirizi na madoa yenye kingo, na ndani ya matundu ya misumari mbao inabaki mpya. Mnamdanganya nani?

Tazameni na picha yenyewe. Mzee alipiga usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, wa rangi moja au mbili, akaweka mnyama mmoja, pengine ndege wawili, basi. Ule mrundikano wa twiga, tembo na pundamilia wamebanana chini ya Kilimanjaro ni wa waliomfuata. Si kosa, ni kazi yao, ila si yake. (Na nyie mnaowaambia wageni kwamba mtindo umeitwa hivyo kwa sababu ya lile tingatinga la kuchimba barabara, mtuhurumie. Ni jina la mtu.)

Ubora nao umekuwa aibu. Rangi ya mafuta ya kopo hukauka kwa kuvuta hewa: juu inashika ngozi mapema, chini bado ni uji. Ukipiga mkono wa pili kabla wa kwanza haujakomaa, inafanya makunyanzi. Vitone vya chui vikiwekwa juu ya usuli mbichi vinazama na kutambaa. Lakini kwa kuwa meli ya watalii inatia nanga kesho, usuli unapigwa asubuhi, mnyama mchana, vitone jioni, na usiku picha inaviringishwa. Tena inaviringishwa rangi ikiwa ndani! Inagandana, na mteja akiikunjua huko kwao inabanduka vipande. Viringisheni rangi ikiwa nje, juu ya bomba nene, na karatasi isiyoshika katikati, baada ya wiki kadhaa, siyo saa kadhaa. Wengine wanazimua rangi kwa mafuta ya taa ili kopo lifike mbali. Mafuta ya taa huacha unyevunyevu wa mafuta, rangi inapoteza mng'ao na kunata vumbi. Tumieni tarpentaini, kidogo kidogo, mpaka brashi ivute mstari bila kutiririka.

Najua utetezi unaokuja: hakimiliki imekwisha. Ndiyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, na tangu 1972 hiyo imetimia. Hapo umeruhusiwa kunakili picha yake. Kuandika jina lake chini ya picha uliyoipaka wiki iliyopita, ukaiuza kama mkono wake, huo ni utapeli, na hakuna sheria iliyokubariki. Na wachoraji walio hai, ambao picha zao mnazichapa kwenye vikombe na fulana bila kuwauliza, hao hakimiliki yao iko palepale.

Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu: hawa walijifunza kwake ana kwa ana na bado walitia sahihi za majina yao wenyewe. Wewe uliyeanza juzi unaogopa nini kuandika lako?

Mwenye "orijino" aiweke hapa tuione. Si picha ya mbele, hiyo tumeshaichoka. Weka picha ya mgongo wa ubao, kona zote nne, na misumari.